Kanisa la Waskoti wakati wa hali ya hatari

Ukiabiri matatu Dagoretti Market kuelekea Kikuyu, muda si mrefu utafika Thogoto. Jina hilo ni "Scot" lililopita katika ulimi wa Mkikuyu. Hapa ndipo Thomas Watson alipohamishia misheni ya Waskoti kutoka Kibwezi mwaka wa 1898. Miaka miwili baadaye alifariki, lakini mkewe, Minnie, hakurudi kwao. Alibaki akifundisha.

Sasa geuka, msomaji, uelekee mjini. Karibu na Chuo Kikuu cha Nairobi utaliona kanisa la mawe la St Andrew's. Hilo pia lilikuwa la Waskoti, ila waliosali humo walikuwa walowezi na maofisa wa serikali. Wakikuyu walisali kwao Thogoto.

Oktoba 20, 1952, hali ya hatari ilitangazwa. Mkristo wa Kikuyu alibanwa pande zote. Akikataa kiapo cha Mau Mau, alihatarisha maisha yake. Asipokila, askari walimshuku vilevile. Aprili 1954, katika msako ulioitwa Anvil, maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walizolewa mitaa ya Nairobi na kutiwa kizuizini.

Na Mskoti wa St Andrew's je? Yeye hakuulizwa kipande cha kitambulisho. Vita vilipiganwa kwa niaba yake, na bila shaka wengi walikwenda ibadani kutafuta faraja tu. Januari 1955 mhubiri wao, Kasisi David Steel, aliwanyima faraja hiyo. Katika mahubiri yaliyorushwa na redio, alishutumu ukatili uliotendwa na upande wa serikali. Hebu fikiri unayasikia hayo huku jirani yako kwenye benchi ni ofisa wa serikali hiyo hiyo! (Mwanawe, David pia, alisoma Prince of Wales, ambayo sasa ni Nairobi School, kisha akaja kuongoza chama cha Liberal huko Uingereza.)

Mahubiri hayakufungua kambi za kizuizini. Lakini mwaka wa 1956, hali ya hatari ikiwa bado haijaondolewa, makanisa ya Wazungu hao yaliingia katika PCEA, kanisa lililoundwa na Wapresbiteri Waafrika na wamishonari mwaka wa 1943. Kwangu mimi hilo lilihitaji moyo kuliko hata mahubiri ya redioni: mlowezi wa mjini na mkulima wa Thogoto sasa walikuwa chini ya baraza moja.