Hewa na Sitara: Siku Nne Katika Nyumba ya Mawe ya Amu



Mwishoni mwa Februari, joto la Mombasa lilipokuwa limetufika kooni, nilisafiri kwenda Amu kuhudhuria hitima ya mzee mmoja wa upande wa mke wangu. Ndani ya mkoba, pamoja na kanzu na msahafu, nilikuwa na ramani ya nyumba, na ramani hiyo ndiyo iliyokuwa imeninyima usingizi kwa wiki tatu. Marehemu baba yetu alituachia kiwanja Majengo, chenye nyumba kongwe ya udongo iliyoezekwa mabati. Sisi warithi tulikubaliana kuivunja tujenge ghorofa nne: moja ya dadangu na wanawe, moja yangu, moja ya mdogo wangu aliyeko kazini Muscat, na ya nne ya kupangisha. Kontrakta alikwisha kuchora. Dadangu alipoletewa ramani aliitazama kitambo kirefu, kisha akaniambia, "Kaka, mimi ndiye nitakayekaa humu kutwa. Nionyeshe hewa itapita wapi."

Sikuwa na jawabu.

Tuliondoka na basi la alfajiri, tukapita Malindi na Garsen, na baada ya Alasiri tukafika Mokowe, tukavuka kwa boti. Mwenye kuifahamu njia hiyo hahitaji kusimuliwa vumbi lake. Tulipoingia katika vichochoro vya Mkomani, jambo la kwanza nililolihisi ni kwamba jua halikuwapo. Lilikuwa lingali juu, lakini kuta za pande zote mbili zilikuwa zimelizuia, na upepo wa bahari ulikuwa ukipita katikati yake kama maji katika mfereji. Punda wawili walikuwa wamesimama kivulini wala hawakutaka kuondoka. Sikuwalaumu.

Nyumba tuliyofikia ni ya mama mkubwa wa mke wangu. Ni nyumba ya mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, ya namna ile iliyoufanya mji huu utiwe mwaka 2001 katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia. Nimeingia humo mara nyingi tangu nilipooa, lakini nakiri kwamba siku zote niliingia kama mgeni anayengojea kahawa. Safari hii niliingia kama mtu mwenye deni la jawabu.

Usiku wa kwanza nililala msana wa tini, juu ya kitanda cha kamba, dirisha la uani likiwa wazi. Nililala fofofo. Alfajiri nilipotafuta swichi ili nikatawadhe, taa haikuwaka. Mama mkubwa akanisikia nikipapasa ukuta. "Umeme umekatika tangu saa nne ya usiku, mwanangu. Hukujua?" Sikujua. Mombasa, umeme ukikatika usiku wa Februari, mtaa mzima huamka kwa sababu feni zimesimama, na watoto huanza kulia nyumba moja baada ya nyingine.

Asubuhi ile nikamwomba anitembeze nyumba yake kama anayemtembeza mtoto. Alicheka, lakini alikubali.

Tukaanzia nje, kwenye daka, penye vibaraza viwili vya mawe ambapo wanaume hupokewa. Ukipita mlango huingii ndani moja kwa moja. Waingia kwanza tekani, nako njia inapinda, hata mlango ukiachwa wazi kutwa mpita njia haoni kitu ila ukuta mweupe. Baada ya kupinda ndipo unapokifikia kiwanda, uwanja mdogo ulio wazi kwa mbingu, na vyumba vyote vimekigeukia hicho. Ukuta wa nje hauna madirisha ya kutajika. Nyumba imeipa njia mgongo.

Niliweka kiganja juu ya ukuta. Ulikuwa baridi, na unene wake ni kama nusu mita. Ukuta wa namna hiyo hulipokea jua la mchana polepole, na kabla joto halijafika upande wa ndani jua limekwisha kuchwa. Usiku ukuta hulitoa joto lile taratibu, na asubuhi huanza upya. Kiwanda nacho kina kazi yake. Hewa baridi ya usiku ni nzito, hushuka ndani yake ikatulia kama maji kisimani, na vyumba huinywa hadi karibu na adhuhuri. Jua linapokipiga, hewa yake hupanda na kuvuta nyingine kutoka vyumbani na tekani. Jiko liko juu kabisa, darini, chini ya makuti, hivyo moto wa chungu na moshi wake hauna ruhusa ya kushuka kwa wanaolala. Chooni mna birika la maji, na ndani ya birika wanaogelea samaki wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu.

"Na hili ndilo kubwa," alisema mama mkubwa tulipokaa kiwandani. Alikuwa kichwa wazi, kanga mabegani, bintize na wajukuu wakichambua mchele mbele yetu. "Hapa nina upepo na hapana anionaye."

Ndugu wasomaji, nadhani hapo ndipo nilipopata jawabu la dadangu, ama niseme, ndipo nilipolielewa swali lake. Nilikuwa nimelichukua kuwa swali la joto, kumbe lilikuwa la hewa na sitara pamoja. Nyumba hii humpa mwanamke vyote viwili kwa wakati mmoja. Ghorofa zetu za Mombasa humlazimisha achague. Dirisha la sebule linatazamana na dirisha la jirani, na kati yake pana nafasi ambayo mtu akinyoosha mikono miwili anagusa kuta zote. Akilifungua apate upepo, yu machoni mwa watu wasio maharimu wake. Akivuta pazia ajisitiri, amejifungia joto. Basi hukaa gizani mchana kweupe, taa imewashwa, feni inazunguka, na aliyebahatika anawasha kiyoyozi, kile tunachokiita AC. Wangapi miongoni mwenu mnaosoma haya mmelivuta pazia sasa hivi? Na tokeni ya umeme mliyoinunua Ijumaa, imefika siku gani?

Tena dirisha lenyewe, la kioo cha kusukuma na fremu ya alumini, halifunguki ila nusu. Nimejiuliza mara nyingi nani aliyetushauri tulipe fedha ya dirisha zima tupate upepo wa nusu dirisha.

Kiyoyozi nacho hakiondoi joto duniani. Hulitoa chumbani mwako kikalipeleka nje, na nje katika mitaa yetu ni dirishani kwa jirani. Shirika la Kimataifa la Nishati liliandika mwaka 2018 kwamba feni na viyoyozi vilikuwa vikitumia takribani asilimia 10 ya umeme wote wa dunia. Mafakihi wetu hawakukijua chombo hiki, lakini mlango wake waliujua vyema. Ibn ar-Rami, mwashi wa Tunis aliyeishi mwanzoni mwa karne ya nane ya Hijria, ambaye makadhi walikuwa wakimwita akague nyumba zenye ugomvi, aliandika kitabu kizima kuhusu hukumu za majengo: moshi unaomfikia jirani, harufu, mtikisiko, dirisha linalochungulia ua wa mwenzako. Naamini angeletewa kesi ya kiyoyozi kinachopuliza joto na kudondosha maji kwenye kamba ya nguo za jirani, angejua pa kuanzia.

Sitaki mtu adhani nimerudi kutoka Amu na wimbo wa kusifu ya kale. Nyumba hizi zilikuwa za wenye uwezo. Wengi waliishi katika vibanda vya udongo na makuti. Vyumba ni vyembamba, kwa sababu boriti ya mkoko haivuki upana mkubwa, na chumba cha ndani kabisa kina giza hata saa sita. Dari ikianza kuvuja, ukuta hunyonya maji ukameguka, na kuutengeneza kwahitaji fundi ambaye siku hizi hupatikani kwa urahisi. Mikoko yenyewe leo twaihitaji pwani iliposimama, ilinde fukwe na mazalia ya samaki. Hakuna atakayejenga Majengo yote kwa boriti. Na nikupe siri: nyumba ya tatu kutoka kwa mama mkubwa imeongezewa ghorofa ya zege, na ina viyoyozi viwili.

Lakini lililomo katika nyumba ile si mawe tu. Kivuli, mpindo wa mlango, uwanja wa katikati na jiko lililotengwa na malazi ni mambo ambayo bloki na zege haziyakatai. Mombasa yenyewe ina jawabu lake lililosahauliwa. Tembea Ndia Kuu uangalie juu: roshani za mbao zilizochongwa vitundu, ambamo mwanamke hukaa akaona njia na upepo ukampata, na aliye chini asione ila mbao. Ni ghorofa zile, si nyumba za chini.

Paa ndilo tulilolisahau kuliko vyote. Mombasa iko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta; Machi na Oktoba jua hupita juu ya utosi, na sehemu ya nyumba inayopigwa zaidi ni paa, kisha kuta za mashariki na magharibi. Mwaka 2018 serikali ya kaunti iliamuru majengo ya katikati ya mji na Mji wa Kale yapakwe rangi nyeupe na buluu. Mji ulipendeza, na ukuta mweupe kweli hurudisha jua. Ila amri ilihusu sura inayoonekana kutoka barabarani. Zege la juu, lisiloonwa na mtu isipokuwa kunguru, lilibaki jeusi kwa ukungu katika majengo mengi, likioka kutwa na kumwaga joto usiku juu ya vitanda vya wa ghorofa ya mwisho.

Niliporudi tuliitana Jumapili baada ya Isha, kontrakta akiwapo, na mdogo wangu akiwa kwenye simu kutoka Muscat. Nilieleza niliyoyaona. Nilitaka mambo manne: uwanja wa katikati wa mita tatu kwa tatu badala ya lile shimo la hewa la mita moja linalopitisha mabomba ya choo, roshani zenye vitundu mbele, paa la pili la mabati meupe lililoinuliwa juu ya zege ili upepo upite kati yake, na ukuta mnene upande wa magharibi.

Mdogo wangu alipiga hesabu upesi. "Kaka, uwanja huo unakula chumba kimoja kila ghorofa. Vyumba vinne ni kodi ya kila mwezi, maisha yetu yote." Hakuwa na kosa, hesabu yake ilikuwa sahihi, nami ningeshindwa papo hapo kama dadangu asingesema. "Kodi gani, mdogo wangu? Mpangaji ataingia Julai, na Machi atahama. Na mimi sina pa kuhamia."

Tulikaa hadi saa nne na nusu. Uwanja ulipita, mita mbili na nusu kwa tatu. Roshani zilipita, kwa matofali ya matundu badala ya mbao, kwa kuwa mbao ni ghali. Paa la pili lilipita bila ugomvi, kwani kontrakta alisema litazuia uvujaji pia. Ukuta mnene wa magharibi niliukosa. Fedha haikufika, na badala yake tutapanda mikilifi miwili upande huo na kungoja ikue.

Tulidhani tumemaliza, lakini dadangu akaichukua ramani tena, akauliza wa ghorofa ya juu yake watazuiwa na nini wasimchungulie uwanjani. Hakuna aliyekuwa amelifikiria. Kontrakta alikuna kichwa. Dadangu akatwaa penseli, akachora mstari kuuzunguka uwanja katika kila ghorofa, ukuta wa matundu wa kupita kimo cha mtu, akaandika pembeni kwa herufi za Kiarabu, kama tulivyofundishwa chuoni: sitara. Kontrakta alimwomba amsomee, kisha akaikunja ramani akaondoka nayo. Ameahidi kuirejesha Jumamosi.