Kalamu Nyekundu Warshani

Kwa miaka mingi nimehakiki mashairi ya wenzangu kwa kuhesabu. Mizani 16 katika mshororo, nane kwa nane, vina vya kati na vya mwisho. Penye kasoro hujionyesha penyewe, na hata mtunzi mbishi hukubali akishahesabiwa kwa vidole. Kwa mazoea hayo nilialikwa katika warsha ya hadithi fupi mjini Mombasa, nami nikaenda na kalamu nyekundu mfukoni.

Kijana mmoja alituletea hadithi ya mama anayekaanga viazi karai kando ya njia huku akimsubiri mwanawe asiyerudi. Hadithi ilikuwa na upungufu, sikatai: muda uliruka bila taarifa, na jirani aliyeingia ukurasa wa pili hakuonekana tena. Hayo sikuyagusa. Nilichokishambulia ni kauli za mama. Alisema ndoo badala ya njoo, ndia badala ya njia, ndaa badala ya njaa. Nikapiga mistari, kisha nikaandika pambizoni: “Kiswahili sanifu, tafadhali.” Naungama kwamba nilipofika kwenye “Ndoo, mwanangu” kalamu ilisita, kwa kuwa ndivyo alivyokuwa akiniita bibi yangu. Nikakata hata hivyo.

Wiki iliyofuata kijana aliniamkia kwa bashasha. “Mwalimu, nimeyasahihisha yote.”

Kweli aliyasahihisha. Mama sasa alimwita mwanawe kwa sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari. Nikamwuliza rasimu ya kwanza iko wapi. Alikuwa ameichana.

Aibu yangu ni hii: maneno yayo hayo, mshairi akiyatia katika utenzi, mimi ndiye wa kwanza kuyasifu. Husema huo ni ukwasi wa lahaja, ni hazina ya Kimvita. Mshairi nampa ruhusa. Muuza viazi, ambaye hiyo ndiyo lugha aliyolelewa nayo, namnyima. Na kijana angenibishiaje? Neno la mkubwa kwetu huwa amri, hata likivishwa “labda” na “tafadhali.”

Katika warsha ya Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, iliyoanza mwaka 1936, ilizoeleka mwandishi akae kimya wenzake wakiijadili kazi yake. Sisi kijana hukaa kimya hata asipoambiwa. Ndiyo maana siku hizi humwomba mwandishi aseme kwanza: ulitaka nisikie nini hapa? Kisha humweleza nilichokisikia, na ukurasa niliopotelea. Neno likinigutusha, huuliza ni la nani kabla ya kuuliza kama ni sahihi.

Na yule kijana? Tuliketi mchana mmoja tukijaribu kuikumbuka rasimu aliyoichana, sentensi kwa sentensi. Kati ya kurasa tano tulipata mbili na ushei. Jirani amerudi, yupo ukurasa wa mwisho. “Ndoo, mwanangu” niliiandika mimi, kwa kalamu ile ile nyekundu, kwa sababu sikuwa na nyingine.