Wanyonya Damu na Vyombo Vichafu

Mumiani wa hadithi zetu za utotoni hakuwa na kwao. Alikuja usiku, akachukua damu ya watu, akatoweka. Enzi za ukoloni, katika Kenya, Uganda na Tanganyika, wako waliosadiki kuwa wazimamoto ndio walioifanya kazi hiyo. Lakini mimi sikupata kusikia mumiani akifua shati lake, wala akigombana na mwenziwe juu ya zamu ya kufagia. Nadhani ndiyo maana alitutisha: hatukupajua nyumbani kwake.

Filamu ya What We Do in the Shadows, iliyotolewa mwaka 2014 na Jemaine Clement na Taika Waititi wa New Zealand, inatupeleka huko nyumbani. Wanyonya damu wanne wanaishi pamoja mjini Wellington. Mzee wao, Petyr, ana miaka 8,000. Viago ana 379, naye ndiye mpenda usafi: kabla ya kumuuma mgeni hutandika magazeti, damu isichafue viti. Ndiye pia anayewaita wenzake kikaoni, na shauri lililopo ni kwamba Deacon hajaosha vyombo kwa miaka mitano. Tena, kwa kuwa vioo havionyeshi sura zao, wakitaka kutoka hawana budi kuchorana, kila mmoja ajue amependezaje.

Unacheka, kisha unajikuta unawaelewa. Wahenga walisema vikombe vikikaa pamoja havikosi kugongana. Niliishi miaka mitatu katika chumba cha kupanga pamoja na kaka yangu, ambaye sasa ni marehemu. Ugomvi wetu ulikuwa sufuria ya ugali: nani aliiloweka, na nani aisugue. Chumba kilikuwa chembamba mno kwa watu wawili kulala wamenuniana, kwa hiyo tulipatana kabla ya kuzima taa. Leo ningeisugua sufuria ile kila siku, bila kuhesabu zamu, mradi awepo wa kubishana naye.

Wale wa Wellington hawana haraka hiyo. Mwenye usiku usiokwisha aweza kuahirisha vyombo hata miaka mitano. Lakini umri wao mrefu haukuwaepusha na upweke. Viago alifika New Zealand akimfuata mwanamke aliyempenda, Katherine. Alisafiri ndani ya jeneza, na kwa kuwa ada ya posta ilikosewa, safari ikachukua miezi 18. Alipowasili, Katherine alikwisha kuolewa. Miaka mingi baadaye tunamwona akimchungulia dirishani, bibi kizee katika nyumba ya kutunzia wazee. Hapo kicheko kinapungua, maana tunatambua kwamba muda wote ule, pamoja na karne zake zote, alikuwa akimngoja mtu mmoja tu.

Mwisho wa filamu anampata. Katherine ana miaka 96, naye Viago anamgeuza awe kama yeye, wasiachane tena. Sisi hatuna uwezo huo. Wetu wanazeeka, wanaondoka, na sahani zao zinabaki kabatini. Ndiyo maana nyumbani kwangu, mtu akiacha chombo chake mezani, nasema neno moja tu, kisha naamka nakiosha.