Senti Zetu Zilitangulia

Sisi tuliozaliwa Moa, pwani ya Mkinga, na vijiji vya jirani kabla ya Uhuru wa mwaka 1961 tumebaki wachache, na wengi wetu sasa tunatembea kwa mkongojo kutoka nyumbani hadi msikitini. Vijana wetu wanaoendesha vikundi na asasi huja barazani, hutuamkia kwa adabu, kisha hutuuliza: zamani, kabla ya wafadhili kufika, mambo ya kijiji yaliendaje? Nani alilipia kisima? Nani alimlisha mwalimu? Ni swali jema, na kwa niaba ya wenzangu, waliopo na waliotangulia mbele ya haki, ningependa kulijibu kwa utulivu, kwa sababu namna lilivyoulizwa imekwishachukulia kwamba mfadhili ni mtu atokaye mbali. Wafadhili wa kwanza wa Moa walikuwa baba zetu na mama zetu.

Katika pwani hii mwenye shamba aliyejaliwa kidogo alitenga minazi kadhaa akaiweka wakfu, mbele ya mashahidi, na tangu siku hiyo minazi ile haikuwa tena yake wala ya warithi wake. Nazi zake ziliangushwa kwa zamu, nyingine zikauzwa mbichi, nyingine zikakaushwa kuwa mbata, na fedha zilizopatikana zilinunua mafuta ya taa ya msikiti, mikeka, kamba na ndoo za kisima, na sanda ya maiti aliyekufa ugenini bila jamaa. Mtoto wa chuo cha Kurani alikwenda na senti yake kila Alhamisi kwa mwalimu. Aliyekosa senti alibeba kuni au alichota maji, na hakuna aliyerudishwa nyumbani kwa umaskini wa wazazi wake. Mashua iliporudi na shehena nzuri, fungu la samaki lilitengwa kwa wajane na wagonjwa kabla ya mnada kuanza. Waliotoa hawakuwa matajiri. Pwani hii yetu, kati ya Tanga mjini na mpaka wa Kenya, ilikuwa nchi ya wavuvi, wachoma chumvi, wakulima wa minazi na vibarua wa mkonge, na senti iliyotolewa ilikuwa imepungua kweli kwenye chakula cha siku ile. Nadhani vijana wetu wanajua methali isemayo kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Sisi tuliiona ikitendwa na watu wenye nguo moja ya Ijumaa.

Tulipokuwa watoto ndipo fedha za nje zilipoanza kukutana na senti hizo, na namna zilivyokutana ni jambo ambalo ningewaomba vijana walizingatie sana. Mwaka 1945, mjini Mombasa, Aga Khan Sir Sultan Muhammad Shah, imamu wa Waismailia, aliasisi Jumuiya ya Ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki, na akaweka sharti ambalo wazee wetu walilipokea kwa fahari: kiasi watakachochanga Waislamu wenyewe, yeye ataongeza kiasi kama hicho. Kwa mpango huo zikajengwa shule na misikiti Kenya, Uganda na Tanganyika. Jumuiya hiyo ilivunjwa nchini kwetu mwaka 1968, mwaka ambao Bakwata, baraza kuu la Waislamu wa Tanzania, iliundwa, na habari za kuvunjwa kwake zina wasimulizi wao. Ninachotaka kibaki hapa ni lile sharti. Tajiri mkubwa kuliko wote waliojulikana na wazee wetu hakutangulia yeye kutoa. Alisubiri senti ya mvuvi na ya mkata mkonge, kisha akaweka yake kando ya hiyo. Basi shule ilipoisha, mvuvi yule aliingia mlangoni kama mwenye shule.

Likaja Azimio la Arusha, Februari 1967, nasi tulikuwa vijana wenye mabega. Likaja Azimio la Musoma mwaka 1974, likataka kila mtoto wa Tanzania awe na nafasi katika shule ya msingi, na mwaka wa kufikia lengo ukawa 1977. Madarasa hayo hayakuletwa na meli. Yalijengwa na wanavijiji nchi nzima, na huku pwani maana yake ilikuwa kuvunja mawe, kuchoma chokaa, kukata boriti za mikoko, kusuka makuti, na wanawake kubeba maji na mchanga tangu alfajiri, kisha kila mmoja kurudi kwenye shughuli yake jua likiwa limekwishapanda. Na ugumu wenyewe ulikuwa bado mbele. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 nchi iliishiwa. Sukari, sabuni, khanga, mafuta ya taa, vyote vikawa vya foleni. Mkonge, uliokuwa nguzo ya mkoa wetu, bei yake ilikuwa imekwishaanguka na mashamba yakageuka msitu. Katika miaka ile ile ambayo mama wa nyumba hakuwa na kipande cha sabuni, shule zilihitaji paa jipya la makuti kila baada ya misimu michache, na likaezekwa. Nasema haya kwa sababu nimesikia vijana wakiuita wakati ule wakati wa amri. Amri zilikuwepo, sikatai. Lakini amri haimfanyi mtu aliyechoka arudi kesho yake bila kuitwa, na wenzangu walirudi. Ng'ambo ya mpaka, kule Vanga waliko jamaa zetu, nao walikuwa wakichanga kwa wito wa Harambee ambao Mzee Kenyatta aliufanya wa taifa tangu 1963. Tulialikana, tukachangiana, na hakuna aliyeona ajabu shilingi ya upande mmoja ikisaidia upande wa pili.

Nisieleweke kwamba nawabeza wafadhili. Mwaka 1994 ulianza mpango wa hifadhi na maendeleo ya ukanda wa pwani ya Tanga, uliogharimiwa na Serikali ya Ireland kwa msaada wa kitaalamu wa shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, na wakati huo Mkinga ilikuwa bado sehemu ya wilaya ya Muheza. Bahari yetu ilikuwa inapasuliwa kwa baruti. Mlipuko mmoja uliua samaki, mayai yao na tumbawe walilokaa, na mwamba ulioota kwa vizazi ukawa kifusi. Mpango ule ulifanya jambo la hekima: uliwakalisha wavuvi wenyewe wakachagua miamba ya kufunga, wakatunga taratibu, wakapanda mikoko palipokuwa pamekatwa, na doria zikashirikisha wanakijiji. Samaki walirudi, na tuliokuwa tukivua tulijua kwa uzito wa nyavu kabla ya mtaalamu yeyote kuandika. Ila boti za doria zilikula mafuta, na mafuta yalinunuliwa kwa fedha za mfadhili. Mpango ulipofungwa mwaka 2007, doria zikadhoofika na baruti ikarejea, mpaka Serikali ilipoikabili kwa nguvu kuanzia katikati ya miaka ya 2010. Ireland ilikwishatimiza ahadi yake, na ikaitimiza kwa miaka mingi kuliko wafadhili wengi. Kilichokosekana ni chetu: hapakuwa na minazi ya wakfu kwa ajili ya petroli.

Ndiyo maana nafurahishwa na ninachokiona sasa. Sheria ya Uvuvi ya 2003 imevipa vikundi vya usimamizi wa rasilimali za bahari, hivi tunavyoviita BMU, mamlaka ambayo sisi hatukuwa nayo. Mtandao wa Mwambao, wenye makao yake Zanzibar, umevisaidia vijiji kufunga miamba ya pweza kwa muda, kisha kuifungua siku moja watu wote wavune pamoja. Ipo pia mifuko ya kukopeshana ambayo mwanachama anapochukua mkopo anafungwa na ahadi ya kuitunza bahari. Haya yanakaribiana na mambo tuliyoyajua. Pweza akiuzwa siku ya kufungua, sehemu ya fedha inabaki kijijini, na kijiji kinaweza kujinunulia mafuta ya doria ya wiki ijayo bila kumwandikia mtu barua.

Yapo mengi ambayo kizazi chenu kimeyafikia na michango yetu haikuyafikia. Sheria ya Asasi Zisizo za Kiserikali ya mwaka 2002 iliwapa jina, katiba na usajili. Foundation for Civil Society ikaanza mwaka 2003 kutoa ruzuku kwa asasi ndogo za wilayani, zile ambazo balozi zisingeziona. Kule Pangani, asasi ya Uzikwasa imefika hadi kuwa na redio, Pangani FM, na kupitia kwao mambo ya ukatili kwa wanawake na wasichana yamezungumzwa hadharani kwa lugha ya watu wenyewe. Mtoto mwenye ulemavu, ambaye zamani alifichwa ndani, sasa ana watu wa kumtembelea na kumfanyisha mazoezi. Mjane anajua haki yake ya mirathi na anajua mlango wa kubisha. Kwa hayo tunawaheshimu, na tunasema hivyo mbele ya wajukuu zetu.

Lakini nina jambo moja ambalo wazee wenzangu wamenituma niliseme wazi. Zamani, fedha za wakfu na za michango zilisomwa baada ya swala ya Ijumaa. Mweka hazina alisimama, akataja nazi ngapi ziliangushwa, ziliuzwa kwa nani, kwa bei gani, na salio liko wapi. Kikongwe asiyejua kusoma aliweza kuuliza, na akajibiwa, kwa kuwa senti yake ilikuwa mle ndani. Leo hesabu za asasi nyingi huandikwa kwa Kiingereza, zikatumwa Dar es Salaam au Ulaya, na mwanakijiji ambaye jina lake limo kwenye ripoti kama mnufaika hajui kilichopokelewa wala kilichotumika. Mabadiliko ya sheria yaliyokuja baadaye yanazitaka asasi kutangaza fedha zinazopokea. Sheria ni njema, ila tangazo la gazetini halimfikii mama anayefunga mwani kijijini Kijiru. Tena kuna hii posho ya kikao. Mtu akishazoea kulipwa ili aje kusikiliza habari za kisima chake mwenyewe, siku posho ikikosekana haji, na kisima kikiharibika husubiri gari jeupe lirudi. Tumeona majengo yaliyofunguliwa kwa ngoma na utepe yakageuka maskani ya popo, na ukichunguza utakuta hakuna hata jirani mmoja aliyetoa tofali.

Wanaosema kwamba watu wa sasa ni maskini mno kuchanga, nawaomba wakae siku moja na wanawake wa VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa. Njia hiyo ilianzia Niger mwaka 1991 chini ya shirika la CARE, ikaingia kwetu kupitia Zanzibar, na imeenea pwani nzima bila kelele. Sanduku lina kufuli tatu, funguo zinakaa kwa watu watatu tofauti, na halifunguliwi mpaka wanachama wakutane. Hisa zinahesabiwa kwa sauti. Pembeni ya hisa kuna mfuko wa jamii, kiasi kidogo ambacho kila mmoja hutoa kila wanapokutana, na hicho ndicho kinachompeleka mgonjwa hospitali ya Bombo usiku, ndicho kinachonunua sanda, ndicho kinachomfuta machozi aliyeunguliwa na nyumba. Simu nayo imerahisisha: mtoto wa Moa aliyeko Muscat au Dar anatuma mchango wake kabla maiti hajaswaliwa. Nikiwatazama wanawake hao na sanduku lao namwona mweka hazina wa ujana wangu amesimama tena mlangoni mwa msikiti.

Na dunia nzima imefika huko huko. Mwaka 1914, mwaka ambao majeshi yalishuka kupigana Tanga, miezi michache kabla ya Jasini, jirani yetu, kupiganiwa Januari 1915, mwanasheria na mkuu wa benki Frederick Goff alianzisha katika mji wa Cleveland, Marekani, mfuko wa kudumu wa mji. Wakazi waliweka mali zao humo, mtaji ukatunzwa, na faida yake ikagawiwa mwaka hadi mwaka kwa mashirika ya hisani ya mji huo. Mfuko huo ungali hai. Kule Kenya, mwaka 1997, ilianzishwa Kenya Community Development Foundation, nayo inazisaidia jamii kujenga mitaji ya namna hiyo, jamii ikichanga na taasisi ikiongeza, lile sharti la Mombasa la 1945 likirudi kwa karatasi mpya. Nikisomewa habari hizi sishangai. Mnazi hukaa miaka mingi ukizaa, na aliyeuweka wakfu alijua kwamba watakaonufaika hatawaona.

Kwa hiyo, vijana wetu, mkiandika andiko lenu lijalo la kuomba ruzuku, anzeni na fungu la kijiji, hata likiwa dogo kiasi cha kuonewa haya, na liandikwe juu kabla ya fungu la mfadhili. Hesabu zisomeni kwa Kiswahili, uwanjani. Kuhusu wakfu, lipo jambo la haraka. Minazi mingi ya zamani imezeeka, mingine imekatwa, na baadhi ya viwanja vyake vimeanza kuingizwa katika mashamba ya watu kwa kuwa walioshuhudia wanakufa. Bado wapo kati yetu wanaokumbuka mipaka: mti gani, jiwe gani, kisima cha nani. Njooni na daftari, mje na mwenyekiti wa kijiji na wadhamini wa msikiti, tutembee pamoja shamba kwa shamba kabla ya masika. Miguu yetu ni mizito, lakini tukianza asubuhi mapema tutafika.