Mnafu wa Kihambani

Bibi alizikwa kihambani kwake, Marangu, kati ya migomba. Masika yalipofika, mnafu ukaota wenyewe kuzunguka kaburi, pale udongo ulipochimbuliwa. Nikaanza kuuchuma. Mama akanikuta, nikajua nitagombezwa.

“Acha mashina magumu,” akasema tu.

Nikauchemsha, nikamwaga maji yenye uchungu, nikaukaanga kwa kitunguu na nyanya, nikamalizia kwa maziwa. Dakika 20 hazikufika, kama enzi zile tulipomtokea Bibi ghafla kutoka Moshi mjini, naye hana mboga nyingine ndani.

Mama akaonja. “Umemwaga maji yote. Mama alikuwa anabakiza uchungu kidogo.”

Tangu msiba hakuwa amemtaja. Akasogeza sahani nimwongezee.