Wepesi Unaodanganya

Sisi tuliosoma kwa kupitia mitihani ya miaka iliyopita tuna imani moja ambayo hatukufundishwa na mwalimu yeyote: kwamba swali ukilirudia vya kutosha litakuwa jepesi, na wepesi huo ndio dalili kwamba umeiva. Imani hiyo ilinivusha sekondari na chuo kikuu. Basi nikaibeba nzimanzima nilipoanza kujiandaa na GMAT, mtihani ambao vyuo vingi vya biashara duniani huutumia kuchuja waombaji wa shahada ya uzamili.

Mtihani wenyewe kwa sasa ni wa saa mbili na robo, maswali 64, sehemu tatu za dakika 45 kila moja: hesabu, lugha na hoja, na uchambuzi wa takwimu. Alama huanzia 205 hadi 805. Waandaaji hutoa majaribio mawili ya bure, na mengine huuzwa. Hayo niliyajua mapema. Kilichochelewa kuniingia ni namna kompyuta inavyomfuata mtahiniwa: ukipatia, maswali huelekea kuwa magumu zaidi, ukikosea, hulegezwa. Maana yake, anayeelekea alama 705 na anayeelekea 505 wanaweza kutoka jasho lilelile, kila mmoja amebanwa pale uwezo wake unapoishia. Ule wepesi niliokuwa nikiusubiri haukuwa njiani kuja.

Kulijua jambo hili ni rahisi kuliko kuliishi. Katikati ya jaribio, maswali yakianza kunielemea, naisoma ile hali kama hukumu: leo nimeshindwa. Baadaye, nikiyapitia majibu, nakuta wakati mwingine sehemu iliyonitesa ndiyo iliyonipa alama nzuri. Wakati mwingine sivyo. Ugumu ulikuwa ugumu tu, na nilikosa. Kama kuna njia ya kuzitenganisha hali hizo mbili ukiwa bado umekaa kwenye kiti, mimi sijaipata.

Si mimi peke yangu ninayedanganywa na hisia hizi. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Wengine walivisoma tena na tena, wengine walisoma kisha wakajipima kwa kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki moja waliongoza waliojipima. Kinachonifikirisha zaidi ni kwamba waliorudia kusoma ndio waliokuwa na uhakika zaidi kwamba watakumbuka. Najua GMAT si mtihani wa kukariri, kwa hiyo siuchukui utafiti ule kama jibu la kila kitu. Lakini ule uhakika wao naufahamu vizuri. Ndio huohuo ninaoupata nikisoma ufumbuzi wa swali kitabuni na kutikisa kichwa kana kwamba ni mimi niliyelifumbua.

Ndiyo maana sasa saa zinazofuata jaribio nazithamini kuliko alama yenyewe. Napitia hata maswali niliyopatia, maana mengine nilibahatisha, na alama haitambui bahati. Natazama pia muda. Kila swali lina kama dakika mbili, na ukiacha maswali mwishoni bila kuyajibu unakatwa alama. Mtihani unakuruhusu kubadili majibu hadi matatu katika kila sehemu, yaani hata wenyewe unakubali kwamba mtu anaweza kubahatisha, akaenda mbele, akarudi. Kwangu hili ndilo zito. Nimelelewa kuona kuacha swali ni uvivu, na hadi leo mkono wangu husita.

Je, haya yote yanamwandaa mtu kuendesha biashara? Nina mashaka. Yanamwandaa kukubali kwamba hisia zake kuhusu kazi anayoifanya si kipimo cha kazi hiyo, na hilo si dogo, ingawa chuo hakikuulizi.

Nawe kama unajiandaa, usiyamalize majaribio mawili ya bure katika wiki ya kwanza. Fanya moja mapema ujue umesimama wapi. La pili litunze hadi karibu na siku yenyewe, ulifanye saa ileile utakayofanyia mtihani, bila kalkuleta kwenye hesabu, na simu iwe chumba kingine. Ukilirudia jaribio ulilokwisha kulifanya, unaweza kukutana na maswali uliyoyaona, na alama itakayopanda itakuwa ya kumbukumbu yako.