MAJI KWANZA, WEMBE BAADAYE



Wiki jana fundi alipulizia rangi lango la kanisa letu hapa Kinango. Upepo ukaibeba hadi kwenye vioo vya gari langu, vidoa vidogo kama vumbi. Kwa haraka nikachukua wembe nikakwangua kioo cha mbele kikavu. Rangi ilitoka, lakini mchanga ukaacha mikwaruzo. Sasa nikiendesha usiku kuelekea Mariakani, taa za magari zikinimulika, naiona yote.

Fundi akanionyesha kwenye kioo cha nyuma. "Pasta, maji ya sabuni kwanza. Wembe mpya, ulaze, sukuma taratibu upande mmoja." Rangi ikatoka bila alama.

Nikamkumbuka kijana niliyemkemea mbele ya kanisa zima. Kosa lilikuwa la kweli, lakini nilimkwangua kavu. Hajarudi. Wagalatia 6:1 inatuagiza kumrejesha aliyeanguka kwa upole.

Leo jioni naenda kwao. Siendi kuhubiri, naenda kuomba msamaha. Niombeeni.

Nawe, ulimkwangua nani? Mtafute leo. Anza na maji.